Salamu za Pasaka kwa Wagiriki wa kwetu, na kwa wa kwetu walioko Ugiriki

Kristo Amefufuka, ndugu zangu!

Najua wengi wenu mlishamaliza pilau ya Pasaka wiki iliyopita na watoto wamerudi shuleni. Sisi Waorthodoksi tunaihesabu Pasaka kwa kalenda ya zamani ya Julius Kaisari, na mwaka huu wa 2026 imeangukia tarehe 12 Aprili. Mwaka jana tulisherehekea wote siku moja, tarehe 20 Aprili, na ilikuwa raha kusikia kengele za Waluteri, Wakatoliki na za kwetu zikilia asubuhi ileile. Mwaka huu tumebaki peke yetu, basi nimepata nafasi ya kuandika salamu ndefu kuliko kawaida yangu.

Shikamooni wazee wote mtakaozisoma. Nawaandikia kutoka Arusha, ingawa kwetu ni Kagera. Salamu hizi nazielekeza kwa watu ambao kwa kawaida hatuwakumbuki Pasaka inapofika: Wagiriki waliozaliwa hapa kwetu wakatawanyika, na watu wa kwetu ambao leo wanakula Pasaka yao Ugiriki, wengine wakiwa kwenye kambi za wakimbizi.

Nianze na chakula, kwa sababu Mgiriki yeyote nitakayemsalimu ataniuliza kwanza tumekula nini.

Kabla ya Pasaka kuna saumu ya siku arobaini, kisha Juma Kuu juu yake. Hakuna nyama, maziwa, jibini wala yai. Pweza na kamba vinaruhusiwa, jambo ambalo mtu wa Tanga au Kilwa akilisikia huona kwamba saumu hiyo anaiweza. Alhamisi Kuu mayai huchemshwa na kutiwa rangi nyekundu, rangi ya damu ya Bwana. Zamani rangi hiyo ilipatikana kwa maganda ya vitunguu, na mama yangu mpaka leo anafanya hivyo: anayakusanya maganda mwezi mzima, anayachemsha na siki kidogo, na mayai yanatoka na wekundu wa udongo wa Bukoba. Ijumaa Kuu, katika nyumba nyingi za Wagiriki, chakula ni dengu zilizotiwa siki, kwa kumbukumbu ya siki aliyopewa Yesu msalabani. Usiku wake kaburi la Bwana lililopambwa maua linatolewa nje na kuzungushwa mitaani, na watu wanalifuata na mishumaa.

Jumamosi usiku wa manane taa zote za kanisa zinazimwa. Padri anatokea madhabahuni na mshumaa mmoja, anaita watu waje wapokee nuru, na moto unapita mkono kwa mkono mpaka nje ya mlango. Kila familia inajitahidi kufika nyumbani na moto wake haujazimika, na kwa moshi wa mshumaa ule baba au mama anachora msalaba juu ya kizingiti. Kisha saumu inafunguliwa kwa magiritsa, yaani supu ya utumbo, maini na moyo wa mwanakondoo, iliyopikwa na letasi na majani ya shibiti, na kuzidishwa uzito kwa mayai yaliyopigwa na ndimu. Mtu aliyekulia kwenye supu ya utumbo ya asubuhi hawezi kuikataa bakuli hiyo. Mezani kila mmoja anachukua yai lake jekundu na kuligonga la mwenzake, na ambaye yai lake halikupasuka ndiye mwenye baraka ya mwaka. Kesho yake mwanakondoo mzima anazungushwa juu ya makaa kuanzia asubuhi. Kwetu Kagera ni mbuzi na ndizi, na sijawahi kuona Mgiriki akilalamika.

Halafu kuna mkate wa Pasaka, tsoureki. Ni mkate mtamu uliosukwa kama nywele za binti anayepelekwa kanisani, na yai jekundu limepachikwa katikati. Humo ndani ndimo ilimo safari yote ya watu hawa. Baadhi ya wapishi wanatia iliki, na harufu yake inapotoka ofenini unaweza kudhani umeingia nyumba ya Kiswahili inayokaanga maandazi. Desturi hiyo ilikuja na Wagiriki wa Konstantinopoli, yaani Istanbul, na wa Smyrna, ambayo leo ni Izmir nchini Uturuki. Mwaka 1922 Smyrna iliteketea kwa moto mwishoni mwa vita kati ya Ugiriki na Uturuki, na mwaka uliofuata Mkataba wa Lausanne ukaamuru watu wabadilishwe: Wakristo wa Kiorthodoksi wapatao milioni 1.2 kwa hesabu ya jumla walijikuta Ugiriki, na Waislamu karibu 400,000 wakatolewa Ugiriki kwenda Uturuki. Nchi ya watu karibu milioni tano ikapokea wageni milioni moja na zaidi. Wageni hao walikuwa Wagiriki wenzao, wa dini moja, na bado waliitwa mbegu ya Waturuki na kusukumwa pembezoni mwa miji. Leo nyama zao za mviringo zenye bizari nyembamba na mchuzi wa nyanya, soutzoukakia, zinapikwa Ugiriki nzima na kila mtu anaziita chakula cha nyumbani.

Wengine wanatia mastiki, utomvu wa miti inayoota kusini mwa kisiwa cha Chios. Na nikifika Chios nataka nikae kidogo, maana hapo ndipo historia yao inapoingia Tanganyika kwa mlango ambao wengi hatuujui.

Wajerumani walipoikalia Ugiriki mwaka 1941, njaa iliingia. Majira ya baridi ya 1941 na 1942 watu walikufa mitaani Athene. Katika visiwa vya Chios, Samos na Ikaria, watu waliingia kwenye mashua usiku na kuvuka maji membamba hadi pwani ya Uturuki. Kutoka huko walipelekwa Kupro, Aleppo nchini Syria, Nuseirat huko Gaza, na wengine mbali zaidi: Uhabeshi, Kongo ya Wabelgiji, na Oldeani, juu kule Karatu, kwenye nchi ya kahawa na baridi. Habari za Wapolandi wa Tengeru, wakimbizi wengine wa vita ile, tunazifahamu, makaburi yao yanatunzwa mpaka leo. Za Wagiriki wa Oldeani hazisimuliwi sana. Lakini fikirini Pasaka yao pale, mama wa Chios aliyekosa mastiki wala kondoo wa kwao, akitafuta cha kutilia mayai rangi katika milima ya Ngorongoro. Nilipolifahamu jambo hili sikuweza tena kuipita njia ya Karatu bila kuwakumbuka.

Wenzao walikuwa wamewatangulia zamani. Wagiriki walikuja Afrika ya Mashariki ya Wajerumani wakiwa makandarasi na mafundi wa reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911. Reli ilipokwisha, wengi hawakurudi. Walichukua mashamba ya kahawa chini ya Kilimanjaro na Meru, mkonge Tanga, tumbaku Iringa. Arusha walijenga kanisa, na shule yao ambayo leo ni shule ya kimataifa ya Mtakatifu Constantine. Kule Katanga, kusini mwa Kongo, walishika biashara ya samaki na maduka, na Lubumbashi ina jumuiya yao hadi leo. Katanga hiyohiyo ilipokea pia Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, wakati kisiwa kiko chini ya Italia. Waliobaki Rhodes walikamatwa Julai 1944 na kupelekwa Auschwitz, na wachache sana walirudi. Baba yake Moïse Katumbi, mwanasiasa wa Kongo, aliyeitwa Nissim Soriano, alitoka katika Wayahudi hao wa Rhodes.

Sitaipamba habari hii kupita kiasi. Mashamba yale yalikuwa mashamba ya kikoloni. Mkonge wa Tanga ulikatwa na manamba waliotolewa Kigoma, Songea na Msumbiji, wakilala kambini miezi mingi mbali na wake zao, na nao walikuwa wahamiaji kuliko Mgiriki mwenye shamba. Waingereza walimwona Mgiriki kuwa mzungu wa daraja la chini, lakini alikuwa mzungu, na sheria ilimtambua hivyo. Mtu akiniambia babu yake alivunjwa mgongo kwenye shamba la Mgiriki, namwamini. Na mtu akiniambia mama yake alizaliwa Moshi, akajifunza Kiswahili kwa yaya kabla ya Kigiriki, na analia akiuona Mlima Kilimanjaro kwenye picha, naye namwamini.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba makubwa yakaanza kutaifishwa, na wengi wakaondoka. Wengine walienda Ugiriki, nchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Wengine walishuka Afrika Kusini au wakavuka hadi Australia, ambako Melbourne ilikwisha kuwa moja ya miji mikubwa ya Wagiriki nje ya Ugiriki, imejaa watu waliofika kwa meli miaka ya 1950 na 1960 kufanya kazi viwandani. Hao ni Wagiriki wanaopika magiritsa Jumamosi usiku na wanaokuuliza kwa Kiswahili cha Moshi kama mbege bado inapikwa vizuri. Kwenu ninyi: ndiyo, bado. Karibuni tena.

Walituachia kitu ambacho hawakukusudia kukipanda. Uganda, mwaka 1929, Reuben Spartas Mukasa alijitangaza kuwa Mworthodoksi kwa kutafuta kwake mwenyewe, bila kutumwa na Mgiriki yeyote. Padri Nikodemos Sarikas, aliyekuwa akiwahudumia Wagiriki wa Tanganyika, alikuwa miongoni mwa waliomsaidia kuifikia Aleksandria, makao ya Patriarki wa Waorthodoksi wa Afrika, na mwaka 1946 Patriarki akawapokea. Upande wa Kenya, makanisa ya Kiorthodoksi ya Wakikuyu yalifungwa na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari. Askofu Mkuu Makarios wa Kupro, ambaye Waingereza walimpeleka kifungoni Shelisheli mwaka 1956, alirudi ukanda huu mwaka 1971 akiwa rais, akabatiza maelfu Kenya na kutoa fedha za kuanzishia seminari. Ipo Riruta, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1982, na ina jina lake. Kwetu Kagera imani ilivuka mpaka kutoka Uganda. Ndiyo maana usiku wa jana tuliimba "Kristo Amefufuka" kwa Kiswahili, Kihaya na Kigiriki, na hakuna aliyejiona mgeni.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Samos, kisiwa kilekile ambacho watu wake walipanda mashua wakakimbilia hadi Kongo, kwa miaka ya karibuni kimepokea Wakongo waliokuja kwa mashua kutoka Uturuki. Kambi ya zamani ya Vathy ilijengwa kwa watu wasiozidi 700, na mwanzoni mwa 2020 ilikuwa na zaidi ya 7,000, katika mahema yaliyopandana mlimani. Miongoni mwao walikuwa vijana wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanaozungumza Kiswahili. Mwaka 2021 walihamishiwa kambi mpya, mbali na mji, yenye uzio mkali na kamera. Njia ni ileile ya maji, imegeuzwa tu. Naomba wazee wa Samos waliowahi kulala kambini Kongo wawasimulie wajukuu zao bila kuficha. Nawaomba na ndugu zetu Wagiriki, kwa mapenzi na si kwa lawama: hao walioko nyuma ya uzio ni watoto wa waliowapokea babu zenu. Wapelekeeni mayai mekundu. Wapelekeeni na mwanasheria.

Basi niwafikishie salamu. Kwa mapadri wetu wa Bukoba, Mwanza na Iringa ambao hawajalala tangu Alhamisi, Mungu awape nguvu. Kwa jumuiya ya Lubumbashi, heri ya Pasaka, na mtusalimie wavuvi wa Ziwa Mweru. Kwa Mama Eleni na wenzako mliozaliwa Moshi na sasa mko Athene, shikamoo mama, simu yako ya jana tuliisikiliza familia nzima kwa sauti ya juu. Kwa vijana wetu wa Samos na Athene, tumewataja kwa majina kwenye sala, na atakayepata nafasi atuandikie tujue mmekula nini.

Majirani zangu wa hapa Arusha, mlango uko wazi kuanzia saa sita mchana. Mbuzi yuko motoni, mkate umetiwa iliki ya kutosha, na mayai yapo hata kwa watoto wa Kiislamu wa nyumba ya pili, maana wao ndio waliotushinda wote kugonga mwaka jana.