Kiwanja cha nyasi si shamba la milingoti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba ndege inayoruka na kurudi pale pale ilipotoka ni kuchoma pesa tu. Kuhusu pesa sibishani naye. Injini hizi ndogo hazinywi mafuta ya jeti, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Zinataka petroli yake maalumu, na kwetu Mufindi inakuja kwa mapipa. Ila huyo ndugu hajapanda.

Mimi nilipanda Jumamosi moja bila kupanga. Nilikuwa natoka kuchukua mbegu za viazi, nikapita kando ya kiwanja cha nyasi, ukungu ndiyo kwanza unaachia. Kijana wa Kalenga ninayemfahamu tangu akivaa kaptula za shule alikuwa ametumwa na mwenye ndege aipashe injini, Cessna 172 ya viti vinne. Alichuruzisha petroli kidogo kutoka kwenye tangi la bawani, akaikinga kwa kikombe cheupe, akakiinua juani. Petroli yenyewe ni ya buluu. Maji ni mazito zaidi, akaniambia, yangekuwemo ningeyaona yametuama chini. Kisha: "Kamwene, baba. Twende tukazunguke?"

Viazi vikabaki kwenye nyasi.

Bawa la ndege hii liko juu ya dirisha, kwa hiyo chini huzuiliwi kitu. Chai ya Mufindi, ambayo nimeipita kwa miguu maisha yangu yote, ilikuwa kichwa kilichosukwa twende kilioni. Wachumaji wakainua nyuso. Nikaona bati langu, na blanketi jekundu la mke wangu kwenye kamba. Mpaka ninaogombania na jirani kwa miaka minane sikuuona. Nikamwomba rubani azunguke tena niutafute. Halafu milima ikakatika ghafla, Kilombero ikawa huko chini imefunikwa mawingu, na upepo wa ukingoni ukatupepeta kama mchele kwenye ungo. Tukageuza. Dakika ishirini na tano, na hatukwenda popote. Nilicheka peke yangu mpaka jioni.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Nusu ya kiwanja kile imepandwa milingoti. Aliyepanda simtaji, yeye anajijua. Anadai nusu iliyobaki inatosha ndege ndogo. Haitoshi. Huku juu hewa ni nyepesi, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi. Bawa halipati cha kushika wala injini haipati pumzi yake kamili, hivyo ndege hukimbia mbali zaidi kuliko ingekimbia pwani. Siku ile, asubuhi na baridi yake, magurudumu yetu yaliachana na nyasi pale pale ilipo milingoti leo.

Bado iko kimo cha goti. Inang'oleka kwa mkono.

Msomaji wako,
Mufindi, Iringa