Picha ya penseli nayo inalipiwa?

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu. Najua barua ndefu mnazikata, sawa, ila hii mkitaka kukata kateni katikati, mwisho muuache maana kuna katangazo kangu.

Mimi nauza miche pembeni ya barabara hapa Dodoma, huu mwaka wa kumi na moja. Miti ya kivuli, matunda, maua ya kwenye makopo, samadi, vyote. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko kidato cha tatu na ugonjwa wake ni kuchora, ukimpa risiti ya luku anachora nyuma. Sasa mwezi wa kumi na moja, jumamosi moja hivi, kaenda kwenye bustani fulani hapa mjini (siitaji, wenyewe wakisoma watajijua), zile za maharusi kupigia picha, kakaa zake kwenye kona karibu na bogenvilia na daftari na penseli mbili. Nusu saa haijaisha mlinzi huyo kafika. Binti, umelipia picha? Mtoto akamwamkia shikamoo, akasema sipigi picha, nachora. Mlinzi akalichukua daftari, akaligeuza huku na huku, akamuuliza sasa hii kama sio picha ni nini? Kupiga picha kwa simu elfu kumi, kamera kubwa elfu hamsini, ya penseli haikuwa na bei yake kwenye kibao ikabidi ampigie bosi, na bosi nae akajibu kama ni picha ni picha, alipe au atoke.

Akatoka. Kafika kitaluni kwangu macho mekundu, kajifanya ni vumbi, na kweli hapa kwetu upepo ukianza vumbi halikosi lakini mi namjua.

Nikacheka kwanza, nakiri, maana lugha yetu wenyewe ndo imetuponza, picha ya simu picha, ya penseli picha, ya ukutani picha. Usiku ndo ikaanza kuniuma. Hela naielewa, maji ya kumwagilia Dodoma sio mchezo na mtu anaendesha biashara yake, hapo sina neno. Ila hivi mtu akishapanda ua anategemea watu walifanyie nini zaidi ya kuligeuzia mgongo wapige selfi? Mana nilivyochunguza, pale anayekaribishwa ni mwenye kuligeuzia ua mgongo. Anayeligeukia na kulitazama ndo anafukuzwa.

Tangu siku ile binti anakuja kuchora kitaluni, na jioni wateja wakipungua ananisomea kwenye simu habari za wachoraji. Kuna Mfaransa mmoja, Claude Monet, huyu mzee kanifurahisha sana. Alihamia kijiji kinaitwa Giverny mwaka 1883, alipopata hela akanunua nyumba na baadae akanunua kipande kingine cha ardhi akachimba bwawa apande mayungiyungi, yale maua yanayoelea majini. Majirani wakagoma! Wakasema hayo mamimea ya kigeni yataharibu maji ya mto wanayotumia wao na mifugo yao, ikabidi mzee aandike barua serikalini kuomba ruhusa. Nikasema kumbe hata huko, maana mi nishawahi kuletewa mwenyekiti wa mtaa kisa maji ya bomba, hilo tuliache. Basi lile bwawa alilichora karibu miaka thelathini, picha kama 250 za mayungiyungi, macho yakaja kuingia mtoto wa jicho na bado anachora, mpaka alipofariki 1926. Sasa jiulize bwawa lile lile unalitazamaje miaka yote hiyo usichoke. Jibu mi ninalo kwa sababu na mimi nashinda na mimea, kila ukija asubuhi sio ile ya jana. Lakini lazima uwe unakuja. Mtu wa nusu saa kwa elfu kumi hawezi kuliona hilo.

Na kuna mama wa Marekani, Emily Dickinson, mshairi. Akiwa binti mdogo anasoma alikuwa anachuma mimea, anaikausha na kuibandika kwenye daftari, ilifika 424, na daftari lipo hadi leo. Alipokuwa hai watu wa mji wake walimjua zaidi kwa bustani kuliko mashairi, maana aliandika karibu 1,800 na yaliyochapwa akiwa hai hayazidi kumi hivi. Binti aliponisomea hiyo nikamwona kanyamaza kidogo, halafu akaenda kuchuma jani la mwarobaini akalibana kwenye kitabu cha jiografia. Sikusema kitu.

Watu wataniambia hayo ya Wazungu, wana muda na mvua. Haya, tuje kwetu. Hivi ile mbuyu ulianza kama mchicha unadhani aliyeisema alikuwa ofisini? Mi nasia mibuyu kwenye viriba, naiona. Mbegu yake ngumu, naimwagia maji ya moto na kuiloweka, na ikiota majani ya kwanza hayana vile vidole vitano unavyovijua, kila jani linatoka zima, laini, usipojua unang'oa ukidhani ni gugu au mboga imejiotea. Nina kijana wangu wa kazi aliwahi kuning'olea kumi na mbili siku moja. Kwa hiyo ule msemo haukutungwa kwa ajili ya kutisha watu kwenye vikao, ni mtu aliinama akautazama mche. Na mgema akisifiwa, na mchumia juani, hao wote walikuwa bustanini na shambani, na kuku wangu katagia miibani yule wa kitendawili ni nanasi, sijui kama mtoto asiyewahi kuchomwa na nanasi anakielewa.

Kuna kitabu kimoja cha Mfaransa rubani, Antoine de Saint-Exupéry, kilitoka 1943, cha mtoto wa mfalme anayeishi kwenye kisayari kidogo. Humo mibuyu ndo adui! Mtoto kila asubuhi anaing'oa ikiwa michanga isije ikakipasua kisayari chake, na anasema ikiwa midogo inafanana na miwaridi. Nilimwambia mpwa wangu huyo rubani kaonea mbuyu lakini macho alikuwa nayo, maana kaona kile kile alichoona babu yetu wa mchicha, mche mdogo unadanganya. Tofauti yeye katuambia tung'oe na sisi tunaula ubuyu.

Na ua la mbuyu Mhariri umewahi kuliona likifunguka? Kabla mvua hazijaanza, jua likishazama, linaning'inia kichwa chini, jeupe, kubwa kama kiganja, katikati nyuzi nyingi kama brashi ya kunyolea. Popo ndo wanakuja usiku. Kesho limeshakuwa rangi ya chai, liko chini, mbuzi anakula. Nilimpeleka binti huko njia ya Hombolo alione, hamna geti, hamna kibao, mama mmoja mwenye shamba la zabibu jirani akatuletea kigoda na maji ya kunywa na akasimama nyuma yake kumwangalia anavyochora, mwisho akamwambia mwanangu hapo kwenye shina umekosea, lina kovu. Na kweli lilikuwa na kovu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye bustani, na kwa jiji pia mnavyotandaza pevingi na zile nyasi za usikanyage: wekeni mabenchi, na mwenye daftari aingie. Hata siku moja tu kwa wiki, jumatano asubuhi hamna maharusi. Na mkipanda msipande minazi ya mapambo peke yake inayonyonya maji, acheni mbuyu na mkwaju uliokuwepo kwenye ploti kabla yenu. Miti mingi niliyoona inakatwa hapa mjini ilikatwa kwa sababu iliharibu mstari wa ukuta.

Ule mchoro wa ua la mbuyu nimeubandika kwenye mlango wa kibanda changu, kovu limerekebishwa. Anayetaka kuuona aje, bure. Miche ya mibuyu nayo ipo, ila hiyo nauza.

Muuza miche,
Dodoma