Salamu za shukrani kwa waliotuwezesha kulizuru kaburi la kaka yetu huko Kaboya

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sisi watoto, wajukuu na jamaa wa ukoo wetu hapa Wete, Pemba, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha salama Kaboya, wilaya ya Muleba mkoani Kagera, akaturudisha, na akatujaalia kuisoma hitima ya kaka yetu mkubwa, askari wa miguu wa JWTZ aliyefariki vitani Februari 1979.

Wengi mliochanga ni vijana ambao hamkumuona, na ni haki yenu kumjua mliyemchangia. Alikuwa kifungua mimba wa mama yetu. Kabla ya jeshi alikuwa mchumaji karafuu, hodari wa kuyafikia matawi ya juu ambayo wenziwe waliyaacha, na usiku tukikaa jamvini kuchambua alitutolea hadithi mpaka usingizi ukatuchukua. Alipotaka kuingia jeshini baba hakuridhia; mama ndiye aliyemtetea. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yeye tayari alikuwa kambini bara. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, nyumba yetu ilijaa majirani waliokuja kusikiliza redio, na kila aliyeondoka alimpa mama mkono.

Ilitufika barua yake moja tu. Aliandika kwamba wanakwenda kwa miguu, mzigo mgongoni, katika mvua na matope, na migomba ya kule haina mwisho. Akauliza kama karafuu zimekauka. Neno la hofu hakuliandika. Naamini alijua kwamba barua atasomewa mama. Alianguka vikosi vyetu vilipokwisha kuvuka Mutukula, mpakani, na kusonga ndani ya Uganda kuelekea Masaka, mji uliotekwa tarehe 24 Februari. Hakujaaliwa kuuona.

Maiti yake haikuletwa Pemba. Wazee walimsalia sala ya ghaibu, watu wakaja kuhani nyumba isiyo na jeneza, tanga likaondolewa, na mama akabaki na mtoto aliyekufa bila ya yeye kujua kaburi lake likoje. Kila Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, alitaka redio ifunguliwe. Umri umemzuia kusafiri, akatuambia: nendeni nyinyi, mkamtolee salamu zangu.

Salamu zimefika. Tulionyeshwa kaburi, tukasoma Yasini, tukaomba dua, na Waislamu wa Bukoba waliotusindikiza wakaitikia amina kama wafiwa wenzetu. Kuna mama mmoja wa Kihaya, si Muislamu, anaishi kijiji cha jirani. Aliposikia tumetoka Pemba alituingiza ndani na kutupikia ndizi. Mwaka ule wa vita alikuwa msichana, wazazi wake wakikimbia na watoto migongoni. Alituambia, "Ndugu yenu alikufa ili sisi turudi makwetu." Tumempelekea mama maneno hayo kama yalivyo. Alimwombea dua mama yule kwanza, ndipo akamwombea mwanawe.

Shukrani zetu ziwafikie imamu na maamuma wa msikiti wetu, sheha, na walimu na wanafunzi wa madrasa. Ziwafikie maofisa wa jeshi waliotupa ruhusa na askari kijana aliyetuongoza, aliyesimama kando na kofia mkononi mpaka tulipomaliza. Jamaa wa Kariakoo mlitulaza na kutukatia tiketi za basi. Wa Muscat na Dubai mlituma bila ya kukumbushwa. Na akina mama mliokesha mkichagua mchele wa hitima, pamoja na vijana wa mtaa mliosimamia masufuria: Mwenyezi Mungu awalipe kheri, maana sisi hatuna cha kuwalipa.

Michango iliyobaki mama ameamuru inunuliwe misahafu na majamvi ya madrasa, kwa nia ya thawabu zimfikie mwanawe.

Lipo ombi moja. Ikiwa yupo mzee aliyekuwa naye katika safari ile ya kutoka Mutukula, au mwenye baba au babu aliyesimulia habari za kijana wa Kipemba mchuma karafuu, tafadhali aje Wete aulizie kwa sheha. Mama angali hai, anasikia vizuri, na angependa kujua mwanawe alikuwaje siku zile za mwisho.

Kwa niaba ya familia,
Mdogo wake marehemu
Wete, Pemba