Kwa vijana wanaowaandikia watoto wetu hapa Kisumu

Wanangu,

Mliniletea miswada yenu niipitie kabla ya kuipeleka kwa mchapishaji. Nimeisoma yote, na nimekasirika kwa jinsi mnavyowachora wanawake na wengine wanaodharauliwa. Naandika hadharani kwa sababu najua wenye kosa hili si ninyi peke yenu.

Nianze na ile hadithi ya Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu. Baba anaugua, mtumbwi unataka kuuzwa, mvulana wa gredi ya sita anabuni mtego mpya na familia inaokoka. Mama yuko jikoni, machozi yakimtiririka. Dada mtu anachota maji ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa mwisho bado anachota tu! Mwandishi, umewahi kufika Dunga alfajiri? Anayebishania bei ya ngege, yaani tilapia, pale ufukweni ni nani kama si mama? Ndiye anayefunua matamvua ya mbuta, yule sangara mkubwa, akakwambia huyu ni wa jana, usinidanganye. Ndiye anayeanika omena, yaani dagaa, na kuzipima kwa kopo la gorogoro, na ndiye anayeweka akiba kwenye chama cha akina mama, kwa kuwa uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai na karo haingoji. Wengine wana mitumbwi yao wenyewe, na wavuvi ni waajiriwa wao. Nenda Obunga ukawaone wanaokaanga mgongo wazi, ile mifupa inayobaki viwandani minofu ya mbuta ikishakatwa. Kuna waliosomesha watoto hadi chuo kikuu kwa mifupa hiyo. Pengine hata wewe ulisomeshwa hivyo, kisha unamkalisha mama jikoni alie!

Mwingine amechukua kisa cha Simbi Nyaima, akamgeuza bikizee kuwa mganga mwanamume. Kwa nini? Kisa chote cha ziwa lile la karibu na Kendu Bay kimebebwa na wanawake wawili: bikizee aliyefukuzwa kwenye sherehe, na mama aliyemkaribisha akaonywa ahame kabla kijiji hakijazama. Wazee wetu walimpa bikizee nguvu, ninyi mkamnyang'anya.

Mengine nitayasema harakaharaka. Mlinzi asiwe kila mara Mluhya wa kuchekwa lafudhi. Watoto wa Kiluhya wa Vihiga na Kakamega nao wanasoma vitabu hivi. Mhindi ana maisha nje ya duka. Mtoto wa kiti cha magurudumu msimponye kimuujiza mwishoni, mwacheni aendelee na visa vyake akiwa kitini. Kiziwi ana lugha: Lugha ya Ishara ya Kenya imo kwenye Katiba ya 2010, tena ni lugha rasmi ya Bunge. Wavulana nao waogope, walie, wapike chapati. Na wewe ambaye msichana wako anawatandika wavulana wa shule nzima, umebadilisha mwonevu tu.

Mtaniambia, nyanya, soko ndilo linataka hivyo. Kuna ukweli. Mzazi hununua kitabu cha kiada, cha hadithi anakiona anasa, na mchapishaji hukimbilia kinachoingia shuleni. Wakubwa nao wametuonyesha nini? Katiba inataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wanaochaguliwa. Bunge lilishindwa kutunga sheria yake, hata Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Mtoto anakulia humo, na kitabu chenu kinamwambia yaleyale.

Lakini njia ilishafyekwa. Grace Ogot, binti wa Asembo, alichapisha riwaya yake mwaka 1966, wengi wa wazazi wenu hawajazaliwa. Asenath Bole Odaga aliwaandikia watoto kwa Kiingereza na kwa Kidholuo, kisha akaanzisha kampuni yake ya kuchapisha, Lake Publishers, papa hapa mjini. Ninyi mna nini cha kuwazuia? Lugha mnayo, nzuri kuliko yangu nilipokuwa rika lenu. Aliyeandika kuhusu mafuriko ya Nyando alinifanya niweke miwani chini nifute macho.

Miswada iko kwangu, mje mwichukue, kalamu nyekundu msiiogope. Wa Simbi Nyaima amrudishe bikizee wa watu. Wa Dunga simsomei tena mpaka aende ufukweni, akae na akina mama wale asubuhi nzima, na akirudi asiniletee mama anayelia.

Nyanya yenu,
mwalimu mstaafu, Kisumu