Pipa lisuguliwe, kumwaga maji hakutoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa milimani hapa Mwanza, Mabatini, Igogo, Bugarika na kwingineko ambako tunaishi kwa maji ya kuhifadhi.

Mwaka 2019 nilikuwa Dar es Salaam homa ya dengue, wengine huiita kidingapopo, ilipowapata watu zaidi ya 6,000 nchini. Nami iliniangusha. Macho yaliuma kwa nyuma, viungo kama vimetwangwa. Zahanati niliyokimbilia ilipima malaria, haikuiona, ikanipa dawa ya malaria hivyo hivyo pamoja na diklofenaki, dawa ya maumivu. Fizi zikaanza kutoka damu. Daktari mwingine ndiye aliyenieleza kuwa kwa dengue diklofenaki na aspirini huongeza hatari ya kuvuja damu. Homa hutulizwa kwa parasetamoli na kunywa maji mengi, na ukitapika mfululizo au tumbo likiuma sana, unarudi hospitali upesi.

Sasa nipo Mwanza, na kila ninapopanda mlimani naona mapipa wazi. Tumezoea kumlaumu mbu wa mitaroni, na usiku chandarua tunakitundika. Lakini mbu wa dengue, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Hapendi mtaro. Anapenda maji safi yaliyotulia, yale yale tuliyopandisha kwa jasho ili tupikie.

Wengi husema wanamwaga maji kila mara. Mbu huyu hutaga ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai yakishaganda pale hustahimili ukavu kwa miezi. Ukijaza tena yanaanguliwa, na baada ya wiki moja au siku 10 hivi wanaruka. Kwa hiyo pipa lisuguliwe kwa brashi kila wiki. Najua maji ni ya shida; tusugue siku yanapokaribia kwisha, kabla ya kujaza. Pasipo mfuniko, kanga kuukuu isiyotoboka ikifungwa vizuri kwa mpira wa baiskeli inatosha.

Matairi ya mafundi pancha nayo yatobolewe au yaingizwe ndani.

Halmashauri naiomba mambo mawili: mabwana afya wapite nyumba kwa nyumba kabla ya mvua za vuli, na zahanati zetu zipatiwe vipimo vya dengue, ili mgonjwa asiye na malaria asirudishwe nyumbani na dawa ya malaria.

Mkazi wa Mabatini,
Mwanza