Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: daftari la binti yangu

Mganga Mkuu, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto wa miaka 12 mwenye kisukari aina ya kwanza. Tunaishi Tarakea, kliniki yetu iko Moshi. Naandika kukuomba jambo moja: daftari la sukari la mwanangu limfikie muuguzi wake siku ileile ninapoliandika.

Binti yangu hutoboa kidole mara nne kwa siku. Kila namba naiandika, pamoja na insulini aliyochoma na chakula alichokula. Kliniki ni kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo muuguzi anapewa namba zaidi ya 350 azipitie kwa dakika chache huku benchi limejaa. Mwaka jana daftari lililoa mvua njiani, na hospitalini faili halikuonekana. Tukaulizwa upya aligundulika lini na anatumia insulini gani. Tukarudi nyumbani na dozi ileile, wakati sukari yake ilikuwa inashuka usiku na dalili zote zilikuwa kwenye kurasa zilizoloa.

Siku chache baadaye, saa nane usiku, nilimkuta ametota jasho, na Juni kwetu ni baridi kali. Kipimo kilisoma 2.8, sukari imeshuka mno. Nilimpa maji ya sukari, nikampigia muuguzi. Alipokea. Akauliza kama mtoto alikimbia mchana. Ndiyo, alikuwa kwenye mazoezi ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Akabaki kwenye simu mpaka dakika 15 zilipopita na nikapima tena. Asubuhi aliongea na daktari, dozi ya jioni ikapunguzwa.

Alipokea kwa simu yake mwenyewe, akiwa kwake, amelala. Wazazi wengi wa kliniki yetu wana namba hiyohiyo. Akihamishwa kesho, yote anayoyajua kuhusu watoto wetu yataondoka naye.

Ndiyo maana naomba mfumo ambao mzazi anaingiza namba kwa simu, muuguzi anaziona na kujibu, na majibu yanabaki kwenye faili la mtoto hata akija muuguzi mwingine. Namba zilizo chini ya 3.9, yaani sukari iliyoshuka, zitangulie juu. Usiku wa 2.8 bado tutapiga simu, maana mtoto aliyelegea hawezi kusubiri ujumbe usomwe. Lakini naamini usiku kama ule ungepungua, kwa sababu muuguzi angeona sukari ikishuka wiki nzima kabla.

Mganga Mkuu, kompyuta peke yake haitatusaidia. Muuguzi apangiwe saa za kusoma na kujibu kwenye ratiba ya zamu, kama anavyopangiwa wodi. Asipopangiwa, sisi tutatuma tukiamini tumeonekana, kumbe hakuna aliyesoma, na hapo ni heri daftari. Tena kuna bibi wengi wanaolea wajukuu wenye ugonjwa huu na wana simu za kitochi tu. Wawekewe menyu ya nyota na reli kama ile ya kutuma pesa, kwa Kiswahili, bila kudai bando.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti. Nitafurahi kuambiwa mapema nani ataweza kulifungua faili la mwanangu. Na kuna jambo limenigusa kama mama: ameanza kuvunja ungo, sukari inapanda siku zile, na ananionea aibu kuniuliza. Muuguzi hamwonei. Apewe mahali pa kumwandikia muuguzi ambapo hata mimi sisomi. Nimeshakubali.

Daftari ninalo, sasa ni la tano. Ukiniita Moshi nitashuka nalo, tulipitie pamoja.

Mama wa mtoto wa kliniki,
Tarakea, Rombo