Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi wa Kaunti ya Mombasa: lami pana haijampa mtu ruhusa ya kwenda mbio

Mheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima, tunakuandikia sisi wakufunzi wa udereva, mafundi wa magari na wasimamizi wa matatu wa hapa Mombasa kuhusu mwendo wa magari ndani ya mji. Barabara ya Kwa Jomvu imepanuliwa, ya Malindi inapanuliwa, na Makupa sasa kuna daraja. Tunashukuru. Lakini lami pana na laini humfanya dereva aongeze mwendo bila hata kukusudia, na watu wanaoishi kando yake ni wale wale: wanafunzi wa Bombolulu, akina mama wa viazi karai Kongowea, wasukuma mikokoteni, abiria wanaoshuka Mikindani na kuvuka kwa miguu kurudi makwao.

Sheria ipo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, imeweka kilomita 50 kwa saa ndani ya miji, na matatu, mabasi na malori hayaruhusiwi kupita 80 popote. Shida yetu haijawahi kuwa kukosa sheria.

Kila mjadala huu unapoibuka, husikika neno moja, hata kutoka kwa wakubwa: wenzetu wa nje wana nidhamu, sisi hatuna. Neno hilo tunalikataa, na tunaomba ofisi yako ilikatae, kwa sababu likishakubaliwa kazi yote inayobaki ni kuhubiri tu. Kijana wa Majengo akipata kazi ya udereva Abu Dhabi hufuata kibao cha mwendo tangu wiki ya kwanza. Hakubadilika tabia ndani ya ndege. Amekuta kamera isiyolala, na gari ambalo usajili wake haufanywi upya mpaka faini zote zilipwe. Huko Abu Dhabi kwenyewe palikuwa na mazoea ya kumwachia dereva kilomita 20 juu ya kibao kabla kamera haijampiga. Agosti 2018 wakafuta ziada hiyo, wakapandisha baadhi ya vibao, na tangu hapo nambari ya kibaoni ndiyo nambari yenyewe.

Ulaya nako hawakuzaliwa na adabu ya barabarani. Mwaka 1970, Ujerumani zote mbili kwa pamoja zilipoteza zaidi ya watu 20,000 barabarani. Mwaka 2023 Ujerumani ilipoteza chini ya 3,000, ingawa magari yameongezeka zaidi ya maradufu. Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa ikizika zaidi ya watu 3,000 kwa mwaka, watoto zaidi ya 400 miongoni mwao, hadi wazazi wakaingia mabarabarani kudai barabara zibadilishwe. Ufaransa ilipoteza zaidi ya watu 7,000 mwaka 2002. Mwaka uliofuata ikaanza kufunga kamera za kujiendesha zenyewe, na miaka kumi baadaye idadi ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Na Wafaransa hao hao, serikali yao iliposhusha kikomo cha barabara za mashambani kutoka 90 hadi 80 Julai 2018, walikasirika, na katika maandamano ya mwishoni mwa mwaka huo kamera nyingi zilipakwa rangi na kuchomwa. Watu ni watu. Kilichopishana ni barabara waliyojengewa na uhakika wa kushikwa.

Wapo wanaoitaja Ujerumani kwa sababu nyingine: kwamba kule hakuna kikomo na hawafi. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya barabara zao kuu za Autobahn haina kikomo cha lazima, ila pendekezo la 130. Lakini humo hamna mtu wa miguu, baiskeli, wala tuktuk. Hakuna kugeuza gari katikati, hakuna kibanda ukingoni, na pande mbili zimetengwa kwa vyuma. Mjerumani huyo akitoka humo na kuingia mjini, kikomo chake ni 50, na katika mitaa mingi ya makazi ni 30. Barabara ya Malindi haifanani na Autobahn kwa lolote, isipokuwa mwendo wa baadhi ya madereva wetu.

Hesabu ya breki inaeleza kwa nini kilomita chache ni jambo kubwa. Dereva wa kawaida huchukua kama sekunde moja na nusu tangu kuona hatari mpaka breki kushika. Kwa mwendo wa 50, katika sekunde hiyo na nusu gari limekwenda mita 21. Likishika breki kwenye lami kavu na tairi nzuri hutaka mita 14 zaidi. Jumla mita 35. Sasa mtoto amechomoka nyuma ya matatu lililosimama, mita 35 mbele. Gari la 50 linasimama miguuni pake. Gari la 60 linamgonga likiwa bado na mwendo wa zaidi ya 40. Gari la 80 linakuwa ndiyo kwanza linaanza kushika breki, na linamgonga kwa mwendo wa karibu 80 ile ile. Hii ni lami kavu. Mvua za kwanza baada ya kaskazi, vumbi na mafuta ya malori yanapochanganyika na maji, hata gari la 50 hutaka kama mita 45.

Usiku ni vibaya zaidi. Taa za chini humulika vizuri kati ya mita 40 na 60, na gari la 80 linahitaji karibu mita 70 kusimama. Maana yake dereva anaendesha gizani hata kama taa zake ni nzima. Kila nguzo ya taa iliyozimika kati ya Kengeleni na Mtwapa inastahili kuhesabiwa kama breki mbovu.

Na anayevuka? Njia mbili za upande mmoja ni kama mita 7. Mtu mzima mwenye afya hutumia sekunde 6. Bibi mwenye mkongojo, sekunde 9. Katika sekunde 9 gari la 80 hukata mita 200. Hakuna jicho linaloweza kukadiria mwendo wa gari lililo mita 200, hasa ukiona taa peke yake. Ndiyo maana watu hukimbia, na anayekimbia huanguka.

Sasa tuje kwenye spidi gavana, kifaa cha kuzuia gari lisipite mwendo uliowekwa, kwa sababu hapa ndipo tunapodanganyana zaidi. Kanuni alizozileta marehemu John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliweka kifaa hiki katika kila matatu, pamoja na mikanda na mstari wa manjano. Kinavyofanya kazi: sensa kwenye giaboksi hutuma mapigo kwa kisanduku, kisanduku huyahesabu, na yakifika ya kilomita 80 hukata mafuta au huzuia pedali ya mafuta isiitikiwe. Ujanja uko wa aina tatu. Wa kwanza ni swichi ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi, inayokata waya wa sensa. Kisanduku hudhani gari limesimama, na dereva hukanyaga atakavyo. Wa pili ni kubadili hesabu ya mapigo kwa kilomita, ili gari la 100 lisomeke 75. Wa tatu ni kuiruka ile vali ya mafuta kabisa. Siku ya ukaguzi swichi inawashwa, lakiri iko mahali pake, cheti kinatolewa, na jioni swichi inazimwa.

Mkaguzi anayetazama lakiri peke yake hataona kitu. Njia inayofaa ni kuendesha gari lenyewe kwa mwendo wa 60 na kulinganisha kisanduku na GPS ya simu; tofauti ikizidi kilomita 3 au 4, kisanduku kifunguliwe. Kisha isomwe kumbukumbu yake: gari lililofanya safari tangu alfajiri haliwezi kuwa na saa nne za mwendo wa sifuri huku injini inanguruma. Na faini imwangukie tajiri, yaani mwenye gari, pamoja na dereva, maana swichi haifungwi bila mwenye gari kujua au kutotaka kujua.

Hata hivyo, Mheshimiwa, spidi gavana nzima isiyochezewa bado inaruhusu 80 mbele ya shule ya Bombolulu. Haikutengenezwa kwa ajili ya mjini. Na inayomsukuma dereva ni hesabu ya tajiri: kiasi maalumu kila siku, kisha mafuta, kinachobaki ndicho chakula chake na makanga. Kila safari ya ziada ni unga. Ramadhani, nusu saa kabla ya magharibi, kila mtu akikimbilia futari, hali hii huonekana waziwazi. Lakini kilomita 10 kwa mwendo wa 80 badala ya 50 humpa dakika nne na nusu tu, tena kama hakuna stegi wala foleni. Katika safari halisi ya mjini hazifiki mbili. Vyama vya matatu vikikubaliana na kaunti kuhusu muda wa kuachana stegini, gari moja kila dakika kadhaa, mbio za kugombania abiria zitapoteza maana.

Kinachopunguza mwendo saa 24 bila polisi ni umbo la barabara. Matuta tunayoyajua ni mafupi na makali, mara nyingi bila rangi wala kibao. Hayo huvunja springi, huumiza mgongo wa mjamzito kwenye tuktuk, na dereva hukanyaga breki kisha hukanyaga mafuta kwa hasira mpaka tuta lijalo. Tuta zuri ni refu: mita 3.7 kwa urefu wa barabara, sentimita 10 kwenda juu, mgongo wa mviringo. Gari la 25 au 30 hupita kwa ulaini, la 50 hutikiswa. Pale mabasi na ambulensi zinapopita, sentimita 7.5 zinatosha. Yapangwe kila mita 60 hadi 100, kwa kuwa tuta la peke yake halisaidii. Yafike ukingo hadi ukingo, ama sivyo bodaboda watapita pembeni kwa kasi ile ile penye watu wa miguu. Lakini mtaro upite chini yake, maana maji ya masika yakituama hapo lami itachimbika kwa msimu mmoja.

Bora kuliko tuta ni kivuko kilichoinuliwa: milia iwe juu ya jukwaa la sentimita 10, lenye upana wa mita 6 ili basi lisiningʼinie, na mteremko mpole kila upande. Mvukaji anaonekana, na gari linapunguza papo hapo anapovuka. Katikati kuwe na kisiwa cha mita 2, mtu avuke nusu, apumue, aangalie upande wa pili. Madaraja ya miguu yana mahali pake, ila mwenye mzigo kichwani hatapanda ngazi akiona nyumba yake ng'ambo ya lami.

Kwenye sehemu ndefu kama Dongo Kundu matuta hayafai. Huko ziwekwe kamera mbili, moja kila mwisho, zinazopima muda wa gari kutoka ya kwanza hadi ya pili. Kilomita 5 kwa mwendo wa 80 ni dakika 3 na sekunde 45. Anayefika kwa dakika 3 kamili alikwenda 100, hata kama alipunguza mbele ya kila kamera. Haijalishi nani kamwashia taa kumwonya kuwa kuna polisi. Viwango vya faini ndogo vilishawekwa mwaka 2016: onyo kwa kilomita 1 hadi 5 za ziada, shilingi 500 kwa 6 hadi 10, shilingi 3,000 kwa 11 hadi 15, na 10,000 kwa 16 hadi 20. Faini ikija kwenye simu ya mwenye gari kila mara, haihitaji kuwa kubwa ili iogopwe.

Tunajua barabara kuu ziko mikononi mwa KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, na nyingine chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Lakini Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti barabara zake, taa za mitaani na trafiki. Mitaa ya ndani ya Tudor, Mikindani na Kiembeni unaweza kuiwekea 30 wewe mwenyewe. Mawaziri wa uchukuzi wa dunia walikubaliana Stockholm, Februari 2020, kwamba 30 ndiyo mwendo wa mahali watu na magari wanapochanganyika.

Tunachoomba kwanza ni kipimo. Chagua kipande cha Kengeleni hadi Bombolulu. Wekeni alama mbili za rangi umbali wa mita 100, watu wawili wenye saa, saa nne asubuhi na saa tatu usiku, magari 200 yasiyobanwa na foleni. Linalopita kwa sekunde 7.2 liko 50. Kwa sekunde 4.5 liko 80. Yapangwe kuanzia la polepole. Mwendo wa gari la 170, ambao magari 85 katika kila 100 hayaupiti, ndio mhandisi anaoutumia kuijua barabara. Nambari hiyo ibandikwe hadharani, vivuko viwili vilivyoinuliwa vijengwe na taa zitengenezwe, kisha kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu, mahali pale pale na saa zile zile.

Watu wa kupima tunao, na rangi tutaleta. Tunasubiri ofisi yako itaje siku, itupe afisa wa kufuatana naye, na barua ya kumjulisha mhandisi wa KeNHA wa Pwani, ili tusifukuzwe ukingoni mwa barabara.

Wako kwa heshima,
Wakufunzi wa udereva, mafundi wa magari na wasimamizi wa matatu, Mombasa